Rangi ya Dume wa Apa Lomeri

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinaegemeana kama mbuzi waliojibanza kwenye kivuli kimoja, na tahajia ni ile ile niliyotoka nayo darasa la nane. Sijaiongezea kitu tangu hapo. Naandika polepole, na kalamu ya Kakuma hukauka joto likizidi. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, kwa hiyo heri karatasi.

Ninawaandikia ninyi vijana wa Kalobeyei mliochukua spika, jenereta na maiki za bendi yetu. Siku mlipokuja kuvibeba mliniuliza, "Kuna kitu cha kujua?" Nikawajibu ni kuwasha tu. Mlikuwa wengi na mlinitazama wote kwa pamoja. Sasa hamnitazami, basi nitasema.

Jina langu ni Ewoi. Nimestaafu. Najua mtacheka, maana ndevu zangu bado zinatafuta njia, lakini kama ulikuwa mtu wa bendi na bendi imeisha, wewe umestaafu, hata kama mama yako bado anakutuma dukani. Mambo ya nani alilipwa nini na nani alipandishwa cheo nayaruka. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, wanaopiga na anayebeba, na mimi sikuwa napiga.

Bendi ilikuwa ya Papa Bahati, mpiga gitaa kutoka Kongo aliyeishi kambini hapa Kakuma miaka mingi. Mwimbaji alikuwa Nakiru, msichana wa Kiturkana, binti wa mfugaji wa huku kwenye barabara ya Lodwar. Kulikuwa na wengine, wa ngoma na wa besi na dereva wa lori, nao watanisamehe nisipowaeleza sana. Wao wana midomo, watajieleza.

Nilianza kazi nikiwa nauza maji kwa mkokoteni. Papa Bahati alikuwa akinunua kwangu, akaona kwamba napokea, namimina, naondoka, bila neno. Siku moja akamwambia Nakiru mbele yangu, "Huyu hasemi. Muzuri. Bale benye kusema tuko nabo bengi." Jioni ile nikawa mtu wa vyombo.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kujaribu maiki. "Sema moja, mbili, tatu." Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Nilifungua mdomo, moja haikutoka. Nikapiga mluzi, ule wa kuita mbuzi, kwa sababu ndio sauti pekee niliyokuwa nayo wakati huo. Spika zikaubeba mpaka nyuma ya maduka, na mbuzi wa watu wakaja. Walisimama mbele ya jukwaa wakingoja. Papa Bahati alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Tangu hapo nilijaribu maiki kwa mluzi kila mahali tulipokwenda. Nawashauri msiige, isipokuwa kama mna mahali pa kuwaweka mbuzi.

Papa ndiye aliyenifundisha. Jenereta ikae upande ule upepo unakoelekea, mbali na spika, la sivyo itaimba nayo. Waya zinazopita chini zifukieni mchangani, kwa sababu mbuzi wetu hula kitu chochote chenye ngozi. Miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ivalisheni kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mkikilowesha mmeua mashine, mkikikausha vumbi litaiua. Lodwar msianike spika juani mchana, gundi ya ndani huyeyuka na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Papa alikuwa akigusa spika kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto, halafu ananiambia, "Mupeleke kivulini, anaungua." Kwake spika ilikuwa mtu.

Lakini kitu kikubwa mnachopaswa kujua ni ile maiki mbovu yenye soksi. Msiitupe. Hiyo ni maiki ya miguu.

Tulipoenda Lokitaung mara ya kwanza, watu walikuja wengi, wakasimama, wakatutazama kama wanavyomtazama afisa aliyekuja kuhesabu watu. Hakuna aliyecheza. Mpiga ngoma wetu akaongeza mwendo, wao wakazidi kutulia. Papa jasho likamtoka. Nakiru akamwendea na kumwambia, "Papa, unawatangulia. Kwetu hakuna ngoma. Kwetu watu wanaruka, na miguu ikitua, hiyo ndiyo ngoma. Nyamaza kwanza."

Papa akanyamazisha bendi nzima. Nakiru akaimba peke yake akipiga makofi, wanawake wakaitikia, na baadaye mwanamume mmoja akaingia katikati akaruka. Akafuata mwingine. Miguu ilipotua pamoja, niliusikia mtetemo ukipanda kwenye jukwaa mpaka kwenye magoti yangu. Papa akaingiza gitaa nyuma ya ile miguu, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Tulipiga mpaka jua likazama.

Baada ya hapo akaniambia nitafute ubao, niufukie nusu mchangani katikati ya wachezaji, na juu yake nilaze maiki kuukuu iliyovikwa soksi. Miguu ikawa inasikika kwenye spika, ngoma ikawa inaifuata. Kabla ya kila wimbo Papa aliwaambia wenzake neno moja, "Ngojeni miguu." Mkisahau yote, shikeni hilo.

Sasa nieleze jambo gumu.

Kwetu mwanamume ana dume mmoja anayempenda kuliko ng'ombe wengine wote. Anamtengeneza pembe tangu akiwa mdogo, anamtungia wimbo, na watu wanamwita mwanamume huyo kwa jina la dume wake. Baba yake Nakiru alikuwa na dume wa madoadoa, aliyeitwa Lomeri, maana yake ni huyo huyo wa madoa. Kwa hiyo baba mtu ni Apa Lomeri, yaani Baba Lomeri. Akicheza, anainua mikono kama pembe za Lomeri, mkono mmoja juu, mwingine umepinda kutazama ardhi. Na wimbo wake unasema, "Lomeri wangu, pembe moja inaitazama milima, pembe moja inatazama chini kama mtu mwenye haya." Mimi niliupenda wimbo huo kwa sababu ya ile pembe ya pili.

Nakiru aliuimba katika harusi moja pale Lodwar. Alikuwa ameruhusiwa, baba yake alimpa wimbo mwenyewe alipojiunga na bendi. Ila kabla ya kupanda jukwaani, Papa Bahati akamwambia, "Hapa ni harusi. Bibi arusi amevaa nyeupe, keki nyeupe. Huyu ngombe mumufanye mweupe." Nakiru akasita. Papa akamwambia ni kwa leo tu. Basi badala ya Lomeri, akaimba Lokwang, mweupe.

Ile harusi ilikuwa na simu nyingi kuliko wageni. Wimbo ukarekodiwa, ukasambaa. Tulipofika Kaaleng tukaukuta umetangulia. Todonyang wavuvi walikuwa wakiuimba wakikausha samaki. Watu waliuita Dume Mweupe, na hawakutuachia tushuke jukwaani bila kuupiga.

Apa Lomeri aliusikia kwenye simu ya mchuuzi sokoni. Hakupiga kelele. Alichukua kiti chake cha mti, akaondoka, na baadaye akatuma maneno kwa mtu wa lori: "Mwambieni huyo msichana, mimi sina dume mweupe. Dume anayemwimbia ni wa mtu mwingine. Basi naye ni wa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo hakuzungumza naye tena.

Tulijaribu kurekebisha, msifikiri hatukujaribu. Kila tulipopiga, Nakiru aliimba Lomeri. Lakini watu walikuwa wameushika vile walivyousikia, wakaitikia Lokwang kwa sauti kubwa mpaka yeye hasikiki. Niliongeza maiki yake, wakaongeza na wao. Umati hauna kitufe cha kupunguzia.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu Papa Bahati na familia yake wakapata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali, na bila Papa hapakuwa na bendi. Tukapanga kumaliza kwa kupiga Lodwar, kisha siku inayofuata kupiga Kakuma, nyumbani, na hapo basi.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilipakia vyombo Lodwar kama siku nyingine, spika kubwa chini, jenereta nyuma, maiki ya miguu mfukoni mwangu. Nakiru alikaa juu ya magunia. Nilijua anawaza nini, sote tulijua. Bendi ikiisha leo, wimbo utabaki kwenye simu za watu na ule uweupe wake, hatakuwepo wa kuurudia, na baba yake hatakuwa na sababu ya kubadilisha neno lake.

Tulipokaribia lile korongo ambamo Apa Lomeri hunywesha mbuzi wake, Papa akagonga kichwa cha lori. Dereva akasimama.

"Ewoi, shuka," Papa akasema. "Leo weye ndiye mudomo yangu."

"Mimi, Papa? Mchukue dereva."

"Dereva anajua kusalimia na kutukana tu. Kuja."

Nikamwambia Nakiru naye ashuke. Akatikisa kichwa. "Amesema mimi ni wa mtu mwingine. Mtoto wa mtu mwingine hashuki mpaka aitwe."

Papa alikuwa amenunua tumbaku Lodwar bila kutuambia. Kwetu huendi kutengeneza neno mikono mitupu, na hilo alikuwa amelijua kwa kuishi nasi. Apa Lomeri alikuwa amesimama kando ya kisima cha mchangani, mbuzi wakisukumana kwenye birika la mti.

"Ejoka, Apa," nikasema.

"Unanisalimia mimi au unausalimia mchanga?"

Dereva akacheka huko kwenye lori. Nikainua macho kidogo.

Papa akaanza. "Umwambie ni mimi nilihariba. Mutoto wake hakuhariba. Harusi ilitaka nyeupe, na mimi nilifikiri ngombe ni ngombe."

Nikatafsiri yote isipokuwa yale maneno ya mwisho. Ninyi mnajua, huwezi kumwambia Mturkana ng'ombe ni ng'ombe ukategemea kuondoka na meno.

Apa Lomeri akanitazama. "Amesema maneno mengi kuliko uliyoyaleta. Lete na yale mengine."

Nikayaleta. Alimtazama Papa kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Ng'ombe ni ng'ombe! Angalau mtu huyu hadanganyi." Akamsukuma mbuzi mmoja kwa goti, halafu akasema taratibu, "Mwambie hivi. Wakati wa ukame ule, Lomeri alikufa. Nilikaa chini, sikula. Watu wakaja kunipa pole. Wengine wametoka mbali, wametembea. Wanakaa pale, wananishika mkono, wananiambia, Apa Lokwang, pole kwa dume mweupe. Mimi ninamlilia wangu, wao wananipa pole ya mwingine. Mwambie hivyo."

Nilimwambia Papa. Sikuacha neno. Papa Bahati alivua kofia, akaishika kifuani.

"Leo ni mwisho," nikasema mwenyewe, bila kutumwa. "Tunapiga Kakuma, Apa. Nakiru yuko kwenye lori."

"Nina mbuzi wa kunywesha," akajibu.

Aliichukua tumbaku. Dereva akasema hiyo ni dalili nzuri. Mimi nikasema hiyo ni tumbaku nzuri. Tulipoanza kuondoka tukasikia, "Wewe wa mchanga! Mnapiga wapi?"

"Nyuma ya soko la mbuzi, Apa. Jua likianza kuinama."

"Sikukuuliza saa."

Nakiru alinishika bega nilipopanda. "Amesema nini?"

"Amesema ana mbuzi."

Kakuma nilifunga vyombo polepole kuliko siku zote. Nilifukia ubao, nikalaza maiki yenye soksi, nikapiga mluzi, na mbuzi wakaja, safari hii kwa wingi maana tulikuwa karibu na soko. Watu wakajaa. Wanawake wa Kongo na Burundi walimletea Papa maua ya karatasi. Wafanyabiashara wa Kisomali walisimama kwenye milango ya maduka, vijana wa Sudan Kusini walipanda juu ya ukuta. Papa alipiga vizuri mpaka nikasahau kupima joto la spika.

Kisha ikaja ile sauti tuliyoijua. "Mweupe! Mweupe!"

Nakiru akaanza. "Lomeri wangu..." Umati ukajibu Lokwang. Akarudia, nao wakarudia, wakicheka kwa furaha, hawakuwa na ubaya wowote. Akamtazama Papa. Akaishusha maiki, akasimama tu. Bendi ikanyamaza. Nilifikiri, basi, ndivyo inavyoisha.

Ndipo nikasikia kwenye spika kabla sijaona kwa macho. Miguu mingine. Haikuwa ya vijana wetu, ilikuwa mizito, haina haraka, inatua yote pamoja. Nikasimama. Gari la kubebea mbuzi lilikuwa limesimama nyuma ya watu, na wazee walikuwa wameingia katikati ya uwanja, manyoya ya mbuni vichwani, na mbele yao Apa Lomeri.

Mpiga ngoma akainua vijiti. Papa akamzuia. "Ngojeni miguu."

Apa Lomeri akainua mikono, mmoja juu, mmoja umepinda kuelekea ardhi. Akaanza kuimba wimbo wake. Lakini ni mzee, na uwanja ule ni mkubwa. Sauti iliishia kwa wale wa mbele. Maiki iliyokuwa karibu naye ilikuwa moja, nayo ilikuwa chini kwenye mchanga, na anayejua ilipo ni mmoja.

Sijui nilivukaje uwanja. Nakumbuka watu walinitazama wote, na kwamba soksi ilikataa kutoka mpaka nikaivuta kwa meno. Niliipanguza vumbi kwa shati nikaiinua mbele ya mdomo wake. Sikupiga mluzi.

"Lomeri wangu," akaimba, na safari hii uwanja wote ukasikia, "pembe moja inaitazama milima, pembe moja inatazama chini kama mtu mwenye haya." Akangoja kuitikiwa.

Vijana fulani wakapiga kelele, "Lokwang!"

Hakuishusha mikono. Aliimba tena, maneno yale yale, akangoja tena. Kwetu mwenye dume akisimama mwenyewe, unaitikia rangi anayokupa; hakuna mtu anayemfundisha mwenye ng'ombe rangi ya ng'ombe wake. Wazee wenzake wakaitikia Lomeri. Aliporudia mara nyingine wakajiunga wanawake wa Kiturkana. Halafu wale mama wa Kongo, ambao hawajui Kiturkana hata kidogo, wakaitikia Lomeri kwa sauti za kanisani. Wasomali milangoni, Lomeri. Wale wa ukutani, Lomeri. Maiki ilibaki pale pale mbele ya mdomo wake.

Gitaa likaingia nyuma ya miguu, taratibu, likibisha hodi. Nikamwona Nakiru ameshuka jukwaani. Hakuongoza wimbo. Alisimama kwenye mstari wa wanawake, akapiga makofi, akaitikia pamoja na wengine.

Ulipoisha, mzee akashusha mikono, akakitazama kile nilichokishika. "Hicho chuma kimesikia?"

"Kimesikia, Apa."

"Basi kikawaambie na wa Kaaleng."

"Apa, bendi imeisha leo."

"Imeisha?" Akamgeukia Papa Bahati, aliyekuwa akijifuta macho na kusingizia vumbi. "Mtu wa Kongo, mimi nimekuja na wewe unaondoka? Ejok, vyema. Nenda. Lakini huko uendako, usibadilishe ng'ombe wa watu."

Nilitafsiri bila kuombwa. Papa akacheka mpaka akaweka gitaa chini, kama siku ile ya mbuzi.

Apa Lomeri akapokea kiti chake kutoka kwa mzee mwenzake, akaanza kuondoka. Baada ya hatua chache, bila kugeuka, akanyoosha nyuma mkono uliokuwa na kiti chake cha mti, kama mtu anavyompa mtoto wake anapokuwa amechoka.

"Nakiru," akasema. "Beba kiti."

Akakimbia, akakibeba.

Sasa nachaji simu za watu karibu na soko la mbuzi. Ni kazi nzuri, haitaki mluzi. Ila wateja wangu wengi bado wana ule wimbo wa zamani, unalia mezani kwangu, mweupe. Siwezi kuufuta kwenye simu ya mtu. Ninyi ndio mna vyombo. Mkifika Kaaleng, Lokitaung, Todonyang, fukieni ubao, valisheni maiki soksi, ngojeni miguu, kisha mwimbe Lomeri na msikilize watu wanaitikia nini.

Halafu niandikieni. Mpeni barua dereva yeyote, mwambieni ni ya yule mchaji simu asiyesema. Apa Lomeri hupita kila anapoleta mbuzi sokoni, anasimama mlangoni, anauliza, "Kaaleng wanasemaje?" na mimi sina la kumjibu. Mwandiko wenu hata ukiwa mbaya kuliko wangu nitausoma, polepole, kisha nitamsomea yeye.